Soksi za Sandukuni: Daktari Anapoingia Jeshini
Mhadhara uliotolewa Tanga mjini mbele ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mwenyekiti kanisifu mpaka nikaona haya, ila kasahau kuwaambia kwamba habari hii nimeisema mara nyingi hadi wajukuu zangu wananiigiza. Mtanivumilia. Swali ni lile lile: mtu kasoma udaktari miaka mitano, anajua kupasua na kushona, ya nini kumpigisha kwata? Ya nini kumrusha kichura alfajiri, na madaktari wenyewe hawatoshi?

Silijibu kwanza. Nawasimulia kisigino changu.

Niliingia mafunzoni na digrii mkononi na kiburi kifuani. Mkufunzi wetu alikuwa koplo, mwanamke, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniita "Daktari" kwa sauti ambayo nilielewa papo hapo kuwa jina hilo pale halina kazi. Nikapewa buti mpya, ngumu kama ubao. Siku ya tatu tukatoka ruti machi, ule mwendo mrefu wa miguu, nikarudi na malengelenge mawili kisigino cha kulia, moja limeshapasuka, ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa. Nikanyamaza. Daktari mzima nijiandikishe mgonjwa kwa lengelenge?

Usiku koplo akaingia hangani, bwenini mwetu, na tochi. "Kaeni ukingoni mwa kitanda. Miguu nje." Akapita akimulika mguu mmoja mmoja, vidole kwa vidole. Alipofika kwangu hakuuliza panauma wapi. Akauliza: "Soksi ulipewa pea ngapi?" Tatu, Afande. "Ziko wapi?" Moja nimeivaa, mbili ziko sandukuni, nazitunza zisichakae. Akanitazama, akasema: "Soksi ya sandukuni haijamponya mtu." Hanga zima likacheka, mimi machozi.

Ngojeni, sijamaliza. Akaniambia: kesho, kabla ya gwaride, wewe ndiye utakayemweleza kapteni hali ya miguu ya platuni. Usiku ule nikaitazama miguu yote, nikaandika. Asubuhi nikapiga saluti, nikaanza kama niko wodini: Afande, kuna uvimbe, kuna dalili za maambukizi, kuna hatari ya… Kapteni akanikata: "Wangapi?" Nikasema, Afande, hali inatofautiana kati ya mtu na mtu. "Wangapi?" Kumi na mmoja kati ya thelathini, Afande. "Mpaka lini?" Siku mbili, wakikausha miguu na kubadili soksi mchana. "Sawa. Ondoka."

Wale kumi na mmoja hawakutembea siku mbili. Sikumshawishi kwa elimu yangu. Nilimpa hesabu. Hilo ndilo somo, na chuo cha udaktari hakikuwahi kunifundisha.

Namwona kijana pale dirishani anacheka. Anasema moyoni, Bibi, soksi ni mambo ya kale. Haya, twende kwenye ya kale, tena yamepita hapa kwenu.

Watu wa Tanga mnapenda sana hadithi ya nyuki. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na askari wao kutoka India, kama elfu nane, wanashuka Raskazone kupigana na Wajerumani na askari wao kama elfu moja, nyuki wanawavamia, wanakimbia. Tanga waja leo waondoka leo: walikuja tarehe 2, tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka. Nyuki walikuwepo, sibishi. Lakini wale watu waliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba. Zaidi ya wiki mbili wamesongamana melini, wengi wanatapika bahari, kisha unawashusha usiku kwenye mikoko na kuwaambia pigana. Nyuki walikuta kazi imeshaanza.

Hiyo niiache, maana ya Handeni ndiyo inayoniumiza zaidi. Mwaka 1916, vita vile vile, Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alishuka kutoka Kilimanjaro kwa kufuata mto Pangani, akafika huku kwetu hadi Handeni na kuendelea. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini kilianza mwezi Februari na watu 1,135. Kufika Oktoba waliobaki wazima wa kufanya kazi walikuwa 116. Risasi? Hawakupigana sana. Ni malaria, ni kuhara damu, ni njaa. Na msiniambie sayansi ilikuwa haijajua. Ronald Ross alishaonyesha habari ya mbu tangu 1897, naye alikuwa daktari wa jeshi, aliyepitia miezi minne ya chuo cha kijeshi cha Netley mwaka 1881. Kujua kulikuwepo. Jeshi likaendelea kutembea. Na hapo sijagusa wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu kwa maelfu wakibeba mizigo ya watu wengine. Wao nani aliwahesabu miguu?

Muda. Naona Mwenyekiti anashika saa. Basi mbio mbio.

Cheo. Wengine husema daktari anapenda nyota begani. Waingereza walibishana juu ya hilo miaka na miaka mpaka 1898, ndipo madaktari wao wakapewa vyeo kamili vya kijeshi. Sababu haikuwa mapambo. Anayemwambia kamanda "choo hiki kihamishwe mbali na kisima" lazima awe mtu ambaye kamanda anaweza kumsikia. Ndiyo maana Wamarekani, kwenye chuo chao cha udaktari wa kijeshi pale Bethesda, humfanya mwanafunzi luteni usu kabla hajamgusa maiti wa kwanza wa anatomia, na akihitimu anakuwa kapteni.

Bunduki. Nilijua mtauliza. Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita, inamruhusu daktari silaha ndogo ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Basi. Akianza kushambulia, ameupoteza ulinzi wa ile alama ya msalaba au hilali. Kwa hiyo unafundishwa kuishika, na unafundishwa zaidi wakati wa kutoishika, na hilo la pili ndilo gumu. Nilikuwa na mkasa hapo, tuuache.

Habari ya chakula pia nilikuwa nimeiandika hapa kurasa mbili. Basi, adhana hiyo.

Maswali tutayachukua baada ya sala. Ila wewe mwanangu uliyeniambia mlangoni kwamba unaripoti mafunzoni mwezi ujao, usiondoke. Na kesho niletee viatu ulivyonunua nivione.