Damu nzito si dawa ya mlima

Mabibi na mabwana, nianze kwa kuondoa dhana moja. Wengi huamini kwamba milimani hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Sivyo. Iwe ufukweni, iwe kileleni mwa Everest, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachoshuka ni shinikizo la hewa. Kwenye mita 5,500 limebaki nusu, kwa hiyo kila pumzi inakupa nusu tu ya oksijeni uliyoizoea.

Mwili haungoji. Shingoni, pale ateri kubwa inapogawanyika, pana vinundu vidogo vinavyopima oksijeni ya damu. Vikihisi upungufu, unaanza kuhema. Lakini kuhema huko kunatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, asidi ya damu inapungua, na ubongo unazuia pumzi. Mtazame mgeni wa mlima akiwa usingizini: anavuta pumzi chache za nguvu, kisha kimya, sekunde baada ya sekunde, halafu anashtuka na kuanza upya. Figo ndizo zinazookoa jahazi kwa kutoa kwenye mkojo bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi ya damu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana nawasihi wapandaji: msiwe na haraka!

Figo hizohizo hutoa homoni ya erithropoietini, inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu. Baada ya wiki chache damu imekuwa nzito, na wengi huhesabu huo kuwa ushindi. Mimi sikubali. Damu nzito hupita kwa shida na moyo huelemewa. Hata kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wameishi kwa maelfu ya miaka, wapo wanaougua kwa sababu hiyo: midomo inageuka rangi ya zambarau, kichwa kinauma, masikio yanavuma. Daktari Carlos Monge wa Peru aliueleza ugonjwa huo miaka ya 1920.

Sasa waangalieni Watibeti. Kwenye mita 4,000, himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ya wengi wao inakaribiana na ya watu wa pwani. Wao wanapumua zaidi, na mishipa yao iliyotanuka inapitisha damu kwa wingi. Jeni yao ya EPAS1 inauzuia mwili usikimbilie kurundika chembe nyekundu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba waliirithi kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Faida yake inaonekana kwa wanaozaliwa: katika mwinuko uleule, watoto wa akina mama wa Kitibeti kwa kawaida huzaliwa na uzito mkubwa kuliko wa wahamiaji waliotoka nyanda za chini.