Mti Ulioanguka Si Kuni Bado

(Mazungumzo na wenye mashamba, Bukavu)

Wamama na wababa, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya mikaratusi inayoangushwa na upepo wakati wa mvua: mtu ajisumbue kuikata kuni, ama aiache? Walioniita walitegemea niseme ikateni, maana kuni ni pesa. Mimi nasema kateni matawi, shina mliache kwanza. Naona mzee mmoja pale mbele amekwisha kukunja uso. Mzee, nivumilie kidogo.

Shambani kwetu, upande wa Kabare, mkaratusi ulilala juu ya korongo baada ya mvua ya usiku. Mimi na mtoto wa shangazi yangu tukaona ni bahati. Tukamkodi mtu mwenye msumeno wa injini, tukanunua esansi. Mti ulikuwa umeegemea kingo zote mbili, katikati hakuna kitu chini yake. Yule bwana akaanza kukata katikati, kutokea juu. Alipofika nusu, mti ukashuka kidogo tu, labda upana wa kidole, ukaubana msumeno. Injini kimya. Asubuhi nzima tuliimaliza kwa shoka na kabari, tukiukomboa msumeno wa watu. Asubuhi ile kuni hatukupata hata kijiti.

Baadaye ndipo nilielewa. Mti uliolala hivyo, upande wake wa juu unajibana na upande wa chini unavutika. Unakata juu kidogo, kama theluthi moja, halafu unamalizia kutoka chini. Ukiwa umeshikwa upande mmoja tu na ncha inaning'inia, ni kinyume chake: unaanza chini, unamalizia juu. Na mizizi iliyong'oka na udongo wake, ile inayosimama kama ukuta, muiogope. Shina ndilo linaloizuia. Ukilikata karibu nayo, ukuta ule unaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Watoto wasicheze kwenye shimo lile, na mkataji asisimame upande wa chini wa mteremko.

Basi, tuhesabu. Mti wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 20, chini unene wa sentimita 40 hivi, juu 15. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita 1 ya ujazo, na mkaratusi mbichi wa kiasi hicho una uzito wa kilo 1,200, kwa makadirio. Wamama wetu wanaobeba mizigo kwa kamba kwenye paji la uso, tuseme kila mmoja abebe kilo 40, ingawa sote tunajua wanabeba zaidi. Ni safari 30. Lakini mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo unamlipa mama apandishe maji mlimani, halafu ukifika nyumbani moto unatumia nguvu zake kuyakausha, na jikoni ni moshi mtupu, macho yanatoka machozi.

Ukipasua kwanza, ukapanga juu ya mawe pasipogusa ardhi, juu umefunika, pembeni upepo unapita, baada ya miezi kadhaa mzigo ule unakuwa kama kilo 750. Safari 19. Na mkaratusi upasue ukingali mbichi. Ukikauka nyuzi zake zinashikana, shoka linarudi mkononi.

Shida ni kwamba kuni zilizopangwa vizuri shambani zinamsubiri mwizi. Hilo halimo katika vitabu vya misitu, lakini ninyi mnalijua kuliko mimi.

Ndiyo sababu watu wanachoma makala, yaani mkaa. Tanuri la udongo, likisimamiwa na mtu wa kawaida, kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu. Mti wetu ule ungetoa kama kilo 90. Safari 3 badala ya 19! Lakini joto lililobaki ndani ya makala ile ni kama robo ya lile lililokuwa katika kuni. Robo tatu zimekwenda hewani pale shambani. Makala tunaipenda kwa sababu ya njia mbaya, na pia kwa sababu katika nyumba za kupanga za Kadutu, hapa mjini, huwezi kuwasha kuni chumbani. Simlaumu anayechoma. Nasema tu ajue alichouza.

Sasa matawi. Tawi la unene wa mkono halihitaji esansi wala kabari. Panga linatosha, linakauka upesi, linaingia kwenye jiko bila kupasuliwa, na mnaweza kulibeba jioni mkitoka shambani, bila kumlipa mtu. Kwenye mti ule wetu, faida yote ilitoka kwenye matawi. Shina tungeliuza kwa wapasua mbao lingali zima, wao wana wateja na wana mikono.

Na likikosa mnunuzi? Kama liko tambarare karibu na barabara, haya, kata. Kama limelala kukingama mteremko, mimi ningeliacha. Mmeona mtaa wa Funu hapa mjini jinsi ardhi inavyotembea na nyumba kupasuka. Sisemi gogo moja litazuia mlima, lakini shambani linashika udongo unaoteremka na mvua, na likioza linarudisha kitu ardhini.

Wenye mashamba yanayopakana na Kahuzi-Biega: mti ulioanguka ndani ya mipaka ya hifadhi si wenu, hata kama umejiangukia wenyewe. Tusilizunguke hilo.

Mama mmoja anauliza: na kisiki? Swali zuri. Kama mti umevunjika na mizizi ingali ardhini, kata kisiki chini, kwa mshazari ili maji yasikae juu yake. Mkaratusi utachipua. Yatatoka machipukizi mengi. Yaache yafike urefu wa mtu, chagua mawili yenye nguvu, yaliyoshikilia chini kabisa, mengine ondoa. Hayo uliyoondoa ndiyo kuni zako za kwanza.