Kabla Hujamleta Fereti Nyumbani

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum, na asanteni kwa kufika kwenye baridi hii ya Uingereza. Watoto nawaona wamejaa safu ya mbele. Nadhani leo wao ndio waliowaleta wazazi, kwa hiyo nitasema na pande zote mbili.

Nianze na jina, maana kwetu hatuna. Mtu akimwona fereti mara ya kwanza husema huyu nguchiro, mwingine hubisha kwamba ni kicheche. Wa kicheche amekaribia. Fereti yuko ukoo mmoja na kicheche, fisi-maji na nyegere. Nguchiro ni wa ukoo mwingine kabisa. Na kama unaujua ukaidi wa nyegere, basi nusu ya tabia ya fereti umeshaijua.

Ila fereti si mnyama wa porini aliyekamatwa. Amefugwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000, akitokana na kicheche wa huko, na kazi aliyofugiwa ni moja: kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwafurusha nje watumbukie kwenye nyavu. Hapa Uingereza bado wapo wanaomtumia hivyo. Shikeni jambo hilo la shimo, kwa sababu karibu kila balaa atakalowaletea nyumbani linatoka hapo. Mwili mrefu, mwembamba, uti wa mgongo unaopinda kama kamba, na moyo usiotulia mpaka ujue kila tundu linaishia wapi.

Dume ana uzito wa kilo 1 hadi 2, jike nusu ya hapo. Huishi miaka 5 hadi 8, wengine zaidi. Hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na usingizi wake ni mzito kiasi kwamba wapo waliomkimbiza kwa daktari wakidhani amekufa. Watu wakisikia hivyo hufurahi: kumbe kazi ni ndogo! Hapana. Zile saa anazokuwa macho anakutaka wewe. Anahitaji saa 4 hivi nje ya tundu lake la kufugiwa kila siku, zikigawanywa asubuhi na jioni, na kuwe na mtu anayemwangalia. Kama wewe na mwenzio mnapokezana zamu, mmoja akirudi mwenzake anatoka, na aliyerudi anataka kulala, piga hesabu hiyo leo kabla ya kulipa. Fereti anayefungiwa kutwa hutafuna nyaya za tundu mpaka meno yavunjike, kisha huanza kuuma watu.

Sasa nyumba. Kipimo ni kichwa: kichwa kikipita, mwili wote umepita. Nafasi ya sentimita 2.5 inatosha. Piga magoti, shika tochi, zunguka nyumba nzima ukiwa chini. Angalia nyuma ya friji, chini ya makabati ya jikoni, pale bomba la sinki linapoingia ukutani, na nyuma ya mashine ya kufulia. Ziba kwa ubao au wavu wa chuma. Sponji na tambara atavitoa. Mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo zichunguzwe kila mara kabla hujawasha, kwa sababu nguo zilizorundikana humo ni kitanda cha ndoto kwake. Kochi lenye mgongo wa kulaza ndilo baya kuliko vyote. Fereti huingia kwenye mitambo yake, mtu anakaa, anavuta mkono wa kochi, na mnyama anasagwa. Kama mna kochi hilo na hamtaki kuachana nalo, msimlete.

Halafu kuna vitu anavyomeza. Anapenda mno mpira na sponji: vifutio vya watoto wa shule, ndala, vibonyezo vya rimoti, vizibo vya masikio, soli za viatu. Kipande kidogo hukwama kwenye utumbo. Dalili zake hazipigi kelele: anakataa chakula, anasaga meno, analala kifudifudi, kinyesi kinakuwa chembamba au kinakoma. Si lazima atapike. Hapo usingoje kesho, mpeleke siku hiyo hiyo, na mara nyingi ni upasuaji.

Chakula. Fereti anakula nyama, basi. Utumbo wake ni mfupi na chakula hupita ndani ya saa 3 au 4, kwa hiyo nafaka, matunda na mboga havimsaidii kitu. Chakula kikavu kiwe na protini ya asili ya nyama asilimia 30 hadi 40 na mafuta asilimia 15 hadi 20. Soma karatasi ya nyuma ya mfuko. Ukiona mahindi au ngano yametangulia kwenye orodha, urudishe rafuni. Chakula cha mbwa hakimfai. Wanaompa nyama mbichi humpa kuku wa vipande: shingo, firigisi, moyo, ini kidogo, na mifupa laini mibichi. Mfupa uliopikwa usimpe kamwe, huvunjika vipande vyenye ncha. Mwenye kilo 1 hula gramu 50 hadi 70 za nyama mbichi kwa siku, naye hula kidogo kidogo, mara nane hata kumi, kwa hiyo chakula na maji viwepo muda wote. Maziwa humharisha. Zabibu kavu na biskuti ambazo watoto watamnyemelea nazo, zipigeni marufuku.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Fereti hujifunza kipi ni chakula akiwa mdogo, kwa harufu, na akifika miezi 6 hivi ameshafunga hesabu. Ukimbadilishia ghafla anaweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa. Changanya kipya na cha zamani, uongeze taratibu kwa wiki 2 hadi 4.

Sasa nije kwenye jambo litakaloamua mengi, nalo ni jike. Wazazi, samahani, nitasema wazi. Jike wa fereti akipandwa na joto majira ya kuchipua, siku zinapoanza kurefuka, yai haliachiliwi mpaka apandwe na dume. Asipopandwa, joto haliishi. Anaweza kubaki hivyo kwa miezi, homoni ya estrojeni ikizidi mwilini, na estrojeni hiyo huzima uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Fizi zinakuwa nyeupe, manyoya yananyonyoka, anatokwa na madoa ya damu chini ya ngozi, anakufa. Dalili ya kwanza ni uke kuvimba, nayo huonekana kwa macho. Ukiiona, mpigie daktari wiki hiyo. Ukingoja mwezi upite unacheza na roho yake.

Njia ziko kadhaa. Kumzalisha si njia, maana mimba ya siku 42 itakuletea vitoto vinane na hujui pa kuvipeleka. Wafugaji wa zamani wa hapa hutumia dume aliyekatwa mirija ya mbegu: anampanda jike, joto linakatika, mimba haingii. Kuna sindano ya homoni ya kila msimu. Kuna upasuaji wa kutoa kizazi. Huo wa mwisho unaonekana ndio suluhisho safi, ila una deni lake: fereti waliohasiwa, hasa wakiwa wachanga, hupata zaidi ugonjwa wa tezi za adrenali, zile zilizokaa karibu na figo. Ubongo unaendelea kutuma amri kwa viungo vya uzazi ambavyo havipo, na tezi hizo ndizo zinazoitika. Mkia unaanza kunyonyoka, upara unapanda mgongoni, jike anavimba uke kana kwamba ana joto, dume anashindwa kukojoa kwa sababu tezi dume imemziba. Kushindwa kukojoa ni dharura. Marekani wengi huuzwa wakiwa wameshahasiwa tangu utotoni, na ugonjwa huu huko umejaa.

Ndiyo maana madaktari wengi sasa hupendelea kipandikizi cha dawa iitwayo deslorelini, kipande kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi kati ya mabega. Huzima joto kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mara nyingine zaidi, kisha kinarudiwa. Maoni yangu ni kwamba kama huna uhakika wa kukilipia kila kikiisha, chukua dume aliyekwisha kuhasiwa, au fereti aliyekwisha kukua kutoka kwenye vituo vya kuokoa wanyama. Vituo hivyo vinao wengi, na tabia za kila mmoja zinajulikana.

Magonjwa mengine nitayapitia haraka. Distempa ya mbwa humuua fereti karibu kila mara, na virusi vinaweza kuingia na soli ya kiatu chako, kwa hiyo chanjo ni ya lazima hata asiyetoka nje. Kuanzia miaka minne hivi, uvimbe kwenye kongosho hutokea sana: insulini inazidi, sukari ya damu inashuka, mnyama anakodoa macho ukutani, miguu ya nyuma inalegea, anadondosha mate na kujikuna mdomo. Mpake asali kwenye fizi kwa kijiti cha pamba, si kwa kidole, maana akishikwa na kifafa ataking'ata. Akizinduka mpe nyama, umpeleke hospitali. Mafua nayo mnaambukizana. Mwaka 1933, watafiti wa London walipofanikiwa kuvitenga virusi vya flu ya binadamu, mnyama waliyemtumia alikuwa fereti. Ukiwa na flu, mwingine ndani ya nyumba amhudumie.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mnyama, tafuta daktari. Piga simu, uliza maswali matatu: mnatibu fereti mara ngapi kwa mwezi, mnaweka kipandikizi cha deslorelini, na usiku nani anapokea dharura? Wakisitasita kwenye la kwanza, piga kwingine.

Harufu. Naona mama mmoja anatabasamu, alikuwa analingojea hili. Ananuka, ndiyo. Harufu iko kwenye mafuta ya ngozi, na kumtoa tezi za haja kubwa hakuiondoi. Kumwogesha kila wiki huzidisha, kwa sababu ngozi ikikauka hutoa mafuta zaidi. Kinachosaidia ni kufua matandiko yake kila wiki na kumhasi au kumwekea kipandikizi, kwani dume asiyehasiwa wakati wa msimu hunuka nyumba nzima na manyoya yake hugeuka manjano kwa mafuta. Choo chake kiwe na tembe za karatasi. Vumbi la mbao za msonobari au mwerezi humchoma mapafu, na mchanga wa paka unaoganda humwingia puani. Hujisaidia kwenye kona, akirudi kinyumenyume, na akikosea kipimo inabaki nje ya sanduku. Weka sanduku kwenye kila kona anayoipenda, wala usitegemee atapatia kila mara. Kinyesi ni najisi, hivyo chumba mnachosalia kifungwe kwake.

Kuhusu kuuma: mdogo huuma akicheza, kwa sababu ngozi ya mwenzake ni nene na yako si nene. Usimpige. Mshike ngozi ya shingo kwa utulivu, mwambie hapana, mweke tunduni dakika 3. Akirukaruka ubavu ubavu, mgongo umepinda, mdomo wazi, akitetea kama kuku, hana hasira, hiyo ni furaha. Lakini mtoto mchanga na fereti wasiachwe chumba kimoja hata dakika moja. Sungura, panya wa kufugwa na ndege, hao kwake ni mawindo.

Nimebakiwa na muda wa maswali. Ndugu kule nyuma anauliza kama sheria inaruhusu. Hapa Uingereza ndiyo. Wenye jamaa Marekani wawaambie kwamba California na Hawaii ni marufuku, na jiji la New York pia. New Zealand, ambako walipelekwa karne ya 19 kupunguza sungura wakageukia ndege wasioruka, ilipiga marufuku kuwauza na kuwazalisha mwaka 2002. Na hata hapa, soma mkataba wako wa nyumba ya kupanga.

Swali la mtoto: mmoja au wawili? Wawili, mwanangu, kama baba anaweza kulipia wawili. Hulala wamerundikana kwenye machela moja na huchezeana ukiwa shuleni. Ila waliohasiwa au wenye kipandikizi, maana madume wawili wazima msimu ukifika watatoana damu.

La mwisho, dada anauliza kama anaweza kumpeleka Mombasa likizo ya Desemba. Usimpeleke. Fereti hana jasho la kumpoza, na joto likipita nyuzi 30 anaanza kuhema, analegea, anaweza kufa ndani ya saa chache. Feni haimsaidii kwa sababu haina jasho la kukausha. Na kurudi ni kazi nyingine. Kwa sheria za hapa, fereti anahesabiwa sawa na mbwa na paka: lazima awe na chipu na chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa kuwa Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa, damu hupimwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha unasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Kwa hiyo likizo ya wiki tatu, mwachie mtu anayemjua, uandike kwenye karatasi jina la chakula chake na namba ya daktari, ubandike juu ya tundu.