Usikate mpaina kwa sababu ya chafya: ukague kwanza

Haya, karibuni. Tuko Ilemela, karibu kabisa na ziwa. Vumbi la njano, yaani chavua, limejaa barazani, mtoto anapiga chafya, na mwenye nyumba keshaita mtu wa msumeno. Asubiri kidogo.

Chuma sindano, yaani yale majani membamba ya mpaina. Usizikate katikati: shika pale zinapoanzia, vuta, zitoke pamoja na kiganda cha kahawia. Kamera, sogea hapa. Moja, mbili, tatu. Ni ndefu karibu shubiri nzima. Huu ni mpaina wa Karibea, aina iliyopandwa kule shamba la miti Buhindi. Kwao ni Kuba, Bahama na Amerika ya Kati.

Sasa mti wa jirani. Kwa mbali ni uleule, lakini vuta ujani wake: unaachia pingili kwa pingili. Huo ni mvinje, na chavua yake ina rekodi ya kuwasumbua wenye aleji. Wengi hukata mpaina, wakauacha huu.

Turudi kwenye mpaina, matawi ya chini, tuchukue chavua yake tuione. Koni za kiume ndizo hizi ndogo, zimejazana kwenye kishada chini ya chipukizi. Zile ngumu kama mbao ni za kike, hazitoi chavua. Vika kishada mfuko wa karatasi, funga uzi, ndipo ukate. Mfuko kwanza! Na uwe wa karatasi. Nailoni inatunza unyevu, chavua inaganda na kuota ukungu.

Ngoja, upepo wa ziwa umeanza. Mmeona wingu hilo? Tawi limetikiswa halina mfuko. Narudia: mfuko kwanza, kisu baadaye, na uifanye asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kishada kikikauka, kikung'ute juu ya kioo uione chavua. Punje ya chavua ya mpaina ni kubwa, ina vifuko viwili vya hewa, kwa hiyo huishia puani na machoni. Wapo inaowadhuru, ila ni wachache. Mimi nazishuku zaidi nyasi hizi hapa chini: chavua yake ni ndogo, huioni, na ni kali kuliko hii. Zifyeke kabla hazijatoa masuke.

Bado chafya? Pogoa matawi ya chini koni zikiwa bado zimefunga, usipite theluthi ya urefu wa mti. Vaa glovu, utomvu ukishika ngozi, paka mafuta ya kula ndipo uoshe kwa sabuni. Mwenye pumu asipogoe, aende hospitali akapimwe aleji.