Boksi la hei, kamba ya katani na jua la siku tatu

REHEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji, shikamooni wakubwa, wadogo zetu mambo vipi. Mi ni Rehema niko hapa Muheza, kaka Elia yuko Rombo kwenye laini, na leo kama tulivyoahidi tunaliongelea lile boksi la kufungia hei, yale majani makavu ya akiba ya ng'ombe. Kaka Elia habari za mlimani?

ELIA: Salama dada Rehema, ng'ombe wazima, mvua imenyesha usiku kucha. Na iki kipindi nilikuwa nakisubiri kweli, maana kiangazi kikifika huku kwetu habari inakuwa moja tu, majani yako wapi na gari ni shilingi ngapi.

REHEMA: Hebu waelezee kidogo watu wa Pwani, kuna wengine hawajui mtu ananunuaje majani.

ELIA: Ee, kule kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni kidogo, kuna migomba, kuna kahawa, ng'ombe yuko bandani muda wote, kwa iyo majani ya pale nyumbani hayatoshi. Toka zamani kina mama wanashuka tambarare wanakata majani, wanakusanya mabua ya mahindi, wanabeba kichwani au wanachangishana wanakodi gari. Sasa lile gari ukiliona limejaa mpaka linapita juu ya kichwa cha dereva, linayumba, unasema hapa nina chakula cha mwezi mzima, kumbe mule ndani nusu ni upepo. Majani yakiwa malegevu yanachukua nafasi lakini kilo hamna, gari linajaa kabla halijabeba kitu, na dereva hapunguzi hela kwa sababu umebeba upepo. Mama yangu kabeba majani kichwani toka mi niko darasa la pili mpaka namaliza kidato cha nne, yaani nikiliona ili boksi namfikiria yeye.

REHEMA: Pole ya mama. Na ndo maana nataka tuliongee vizuri, maana watu wakisikia mashine ya kufunga hei akili inaenda kwenye trekta, mamilioni, mkopo. Wakati ili boksi fundi wa vitanda hapo mtaani anakutengenezea kwa siku moja. Ni mbao tu, pande nne, juu wazi chini wazi. Urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Hivyo vipimo ndo vinavyofundishwa kwa wafugaji wadogo, na ukishindilia vizuri unapata robota, yaani mzigo wa hei uliofungwa, la kama kilo 20.

ELIA: Na ndani pawe laini dada, ilo fundi usipomwambia anasahau. Akiacha misumari imetokeza au mbao hazijapigwa randa, robota linakwama, unavuta boksi na majani yanafumuka yote.

REHEMA: Kabisa. Sasa mnielewe jinsi ya kulitumia. Unaliweka chini pasafi, unatandika kamba mbili kwa upana, kila moja kama mita mbili na nusu, zinapita chini, zinapanda kwenye kuta, ncha zinaning'inia nje. Alafu unatia majani kidogo kidogo, unapanga, unakanyaga. Pembeni kwanza! Watu wanakanyaga katikati, pembe zinabaki tupu, robota likitoka liko duara kama mto wa kulalia na halipangiki. Anza pembe nne, alafu katikati, tabaka baada ya tabaka mpaka limejaa na linakataa kuingia. Hapo mmoja anasimama juu, mwingine anavuta kamba anafunga, alafu mnainua boksi, robota linabaki chini limekaa.

ELIA: Tamu sana iyo ya kuinua, watoto wanagombania.

REHEMA: Hahaha, wangu ndo usiseme.

ELIA: Ila dada mi mwenyewe nimehamia kwenye lile la mpini, na ningependa watu walijue. Boksi lenyewe linakuwa refu limesimama, mbele kuna mlango wa bawaba, juu kuna ubao wa kukandamizia unaoshuka ndani, na ule ubao umeshikwa na mti mrefu uliofungwa kwenye nguzo. Ule mti ndo wenzo wenyewe. Kwangu toka kwenye egemeo, pale mti ulipofungwa kwenye nguzo, mpaka kwenye ubao ni sentimita 30, na toka egemeo mpaka ninaposhika mi ni sentimita 210. Gawanya, mara saba. Kwa iyo nikivuta chini kwa nguvu ya kilo 30, ambayo hata mtoto wa sekondari anaiweza, ubao unakandamiza kwa kilo 210. Ni kama watu watatu wazito wamesimama juu ya majani kwa mpigo.

REHEMA: Lakini hapo pana gharama yake.

ELIA: Ipo. Nguvu ikizidi mara saba, mwendo unapungua mara saba. Mkono ukishuka sentimita 70 ubao unashuka 10 tu. Kwa iyo unatia majani, unavuta, unaongeza, unavuta tena, huwezi kujaza boksi zima alafu ukavuta mara moja. Na naomba hapa wasikilizaji wanisikilize vizuri, majani yaliyokandamizwa yanasukuma kurudi juu. Ukiachia mpini ghafla unapanda kwa nguvu, kidevu au meno ndo vinapokea. Toboa tundu kwenye nguzo, weka pini ya chuma ya kushikilia mpini ukiwa chini, alafu ndo ufungue mlango ufunge kamba. Mi jirani yangu mpini ulimpiga wiki ya kwanza akanyamaza na boksi lake mwezi mzima.

REHEMA: Jamani. Pini muhimu wasikilizaji. Sasa kaka, tumefika kwenye kamba, na mi hapa nina ya moyoni.

ELIA: Nilijua tu, mtoto wa mkonge.

REHEMA: Ndiyo, mi nimekulia kwenye mashamba ya mkonge, neno robota nimelijua kabla sijajua kusoma, marobota ya katani ya kilo 250 yanapangwa yanasubiri kwenda bandarini. Sasa angalia historia. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 toka Florida, ikafika Tanga mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Hio 62 ndo mama wa yote haya, mpaka miaka ya mwanzo ya 60 tukawa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tuko juu kabisa duniani. Na unajua moja ya kazi kubwa ya ile katani huko ilikokuwa inaenda ilikuwa nini? Kamba za kufungia hei! Wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wanafunga majani ya ng'ombe wao kwa nyuzi za mkonge, baba zetu wamekata yale majani ya miba toka alfajiri, na kiangazi ng'ombe wa pale pale kijijini mbavu unazihesabu. Mpaka kamba za plastiki zilipoingia soko likaanguka.

ELIA: Aisee. Yaani kamba imetoka huku ikaenda kufunga majani ya huko, na sisi majani yetu tukayaacha yanaungua porini.

REHEMA: Iyo inaniuma kaka, sikufichi. Ndo maana mi nasema boksi lako funga kwa katani. Na sio kwa mapenzi tu, ni afya ya mnyama. Ile kamba ya manila, ile ya plastiki, mtu anafungua robota anatupa kipande bandani, ng'ombe anakula, na plastiki haimeng'enywi, inakaa kwenye tumbo inajikusanya mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa donge. Ng'ombe anakonda hujui kwa nini, unakuja kujua siku ya kuchinja. Katani ni jani, hata akiimeza kidogo inalainika.

ELIA: Ila katani panya wanaitafuna, na ikilowa inaoza.

REHEMA: Kweli, siwezi kupinga. Basi weka pakavu, na panya uwe na paka. Na ukitumia manila basi zihesabu, marobota matano umefungua kamba kumi ziko mkononi.

ELIA: Sawa. Sasa dada mi nataka turudi nyuma kidogo, maana watu wakisikiliza hapa watakimbia kwa fundi, na boksi sio sehemu ngumu. Ngumu ni kukausha. Mi nilipoteza marobota 14 mwaka wa kwanza.

REHEMA: Hebu tuambie.

ELIA: Nilikata majani vizuri tu, jua likawaka siku moja na nusu, mchana wa pili nikaona wingu linatoka upande wa mlima nikaogopa mvua, nikafunga yote. Juu yalikuwa makavu lakini shina lilikuwa bado bichi. Nikapanga stoo, nikafurahi, nikapiga na picha. Siku ya nne naingia nasikia harufu kama tumbaku, tamu tamu hivi imeungua. Nikaingiza mkono katikati ya robota nikautoa haraka, pamoto, kama umeingiza mkono kwenye ugali uliofunikwa. Nikafungua, ndani kahawia, na vumbi jeupe la ukungu linaruka mpaka nikakohoa. Ng'ombe alinusa akageuza shingo. Yote yakaenda kwenye shimo la mbolea.

REHEMA: Na ulipona kaka, maana yangeweza kushika moto. Hei mbichi ikikandamizwa vijidudu vinaendelea kufanya kazi, vinatoa joto, na joto halina pa kutokea, hei yenyewe ni kama blanketi. Maghala yameungua hivyo bila kiberiti.

ELIA: Na kadri unavyokandamiza vizuri ndo hatari inakuwa kubwa, maana hewa haipiti. Kwa iyo boksi la mpini linataka majani makavu kuliko la kukanyaga. Unyevu uwe umeshuka mpaka kama asilimia 15, ikizidi 20 usithubutu. Kipimo hatuna, tunatumia mikono. Chukua fungu, lisokote kama unakamua nguo. Likitoa maji hata kidogo, bado. Mashina yakivunjika yanalia ka ka ka, tayari. Alafu kwaruza shina kwa ukucha, pale kwenye kifundo, pale ndo pa mwisho kukauka. Ganda likibanduka laini bado kuna maji.

REHEMA: Siku tatu za jua kali kwa kawaida, na unageuza. Ila yasikauke kupita, majani yakivunjika yanamwagika na protini iko kwenye jani sio kwenye bua. Hasa lusini, ile jamii ya kunde ya kulisha ng'ombe, igeuze asubuhi kukiwa na umande kidogo.

ELIA: Na wakati wa kukata. Hapa mi nina ugomvi na majirani zangu wote, wanasubiri majani yawe marefu yafike kiunoni yamekomaa mbegu, wanasema ndo yamekuwa mengi. Ni mengi kweli ila ni mbao. Majani kama Rhodes yakate yanapoanza kutoa maua. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vile vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa chakula, anakula anashiba na anakonda.

REHEMA: Shida sasa maua yanatoka mvua bado ipo. Huku Tanga masika yanaenda mpaka Mei na unyevu wa bahari juu. Mi nakata kidogo kidogo, siku nikiona kumekucha peupe nakata kipande cha kufunga marobota sita, saba, basi. Na naanika kwenye vichanja vya miti sio chini. Ukikata shamba lote kwa siku moja mvua ikaja, umepoteza lote.

ELIA: Wasukuma wenzetu wana ngitili, wanafunga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi. Wamasai nao wana alalili. Kwa iyo akili ya kuweka akiba ya majani sio ngeni, tunayo toka enzi. Ila jani lililosimama linazidi kuwa gumu, mchwa wanakula, moto ukipita ndo basi. Ule ukame wa 2021 kwenda 2022, Simanjiro na Longido, ng'ombe walikufa wakiwa wamelala barabarani. Mi nilipita nikaona, sijasahau.

REHEMA: Mungu atusaidie. Haya, kuna dada ametuuliza, ana ng'ombe mmoja wa maziwa wa kilo kama 400, anahitaji marobota mangapi?

ELIA: Ng'ombe wa maziwa anakula chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, kwa iyo kilo 12. Tuseme nusu anaipata kwa mabua, pumba na majani mabichi anayookoteza, hei ni kilo 6. Siku 90 za kiangazi, kilo 540. Gawa kwa 20, marobota 27. Aongeze manne matano ya kuharibika.

REHEMA: Mnaona, sio mengi! Na watu wawili wakizoea boksi la kukanyaga wanamaliza hayo bila kukodi kibarua. Ayapange juu ya mbao au magogo yasiguse sakafu, aache nafasi na ukuta hewa ipite.

ELIA: Na wiki mbili za mwanzo aingize mkono kila siku.

REHEMA: Kila siku. Kaka, nitumie basi vipimo vya mlango wa boksi lako kwenye simu leo jioni, fundi anakuja Jumamosi na mi kamba nimeshanunua, roli nzima.

ELIA: Natuma. Na mwambie bawaba aweke tatu, mbili zinang'oka.