Pre- na wale waliotangulia

Ndugu walimu, nanyi vijana mnaosomea ualimu wa Kiingereza, ahsanteni kwa kuja.

Nianze na swali nililoulizwa darasani miaka mingi iliyopita, nikashindwa kulijibu. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kama nami nilivyofundishwa, kwamba kiambishi awali pre- maana yake ni "kabla". Nikatoa mifano: "prepaid", kilicholipiwa kabla, "prewar", kabla ya vita, "prehistoric", kabla ya historia kuandikwa. Darasa zima likaitikia. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na president je? Huyo ni kabla ya nini?"

Nilikwenda na swali hilo nyumbani. Jibu lake ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Pre- imetoka kwenye Kilatini, ambako iliandikwa prae, na maneno yake mengi yameingia Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Kwa Warumi, prae ilihusu mahali kama ilivyohusu wakati. Ilikuwa "mbele ya". Sasa mrudieni yule "president": nusu yake ya pili inatokana na kitenzi cha kuketi, kwa hiyo ni mtu anayeketi mbele ya wenzake, yaani mwenyekiti hasa. "Prefer" imebeba kitenzi cha kuchukua: unakitoa kitu kati ya vingine na kukiweka mbele. "Present" ni kuwa mbele, kuwa hapa machoni pa watu. Nyinyi hadhira mliohudhuria mhadhara huu mnaifahamu dhana hiyo vizuri, kwani hadhira, kuhudhuria na mhadhara, maneno matatu tuliyoyapata kwa Waarabu, yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni huo wa kuwapo.

Mtaniuliza: "mbele" na "kabla" vinakutana wapi, wakati sisi tukisema siku za mbele tunakusudia zile zijazo? Vinakutana njiani. Fikirieni watu wanaotembea kwa mstari mmoja kwenye njia nyembamba. Aliye mbele ndiye atakayefika kabla ya wengine. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba mambo yote mawili kwa pamoja, nacho ni kutangulia. Anayetangulia yuko mbele, na pia amewahi. Ndiyo maana tukimzungumzia marehemu twasema ametangulia mbele ya haki: ameondoka kabla yetu, nasi tupo nyuma yake njia ile ile. Tangu nilipoliona hilo niliacha kufundisha kwamba pre- ni "kabla". Nafundisha kwamba pre- ni kutangulia, na maneno yaliyokuwa magumu yanafunguka.

Chukueni "prevent". Leo maana yake ni kuzuia, lakini kwa asili ni prae pamoja na kitenzi cha kuja: kuja mbele, kutangulia kufika. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James bado inalitumia hivyo. Katika Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4, aya ya 15, imeandikwa kwamba walio hai "shall not prevent" waliolala. Msomaji wa leo akidhani ni kuzuia, aya yote inampotea. Biblia yetu ya Kiswahili imesema tu "hatutawatangulia", na hapo hakuna anayebabaika. Je, kutangulia kuligeukaje kuwa kuzuia? Ukimwahi mtu njiani ukasimama mbele yake, hapiti. Maana mpya imezaliwa pale pale aliposimama.

Ninalolipenda kuliko yote ni "pretend", kujifanya. Kitenzi kilichomo ndani ni cha kutandaza, kunyoosha kitu kama nguo. Anayejifanya ametandaza pazia mbele yake, nasi tunaona pazia badala ya mtu. Jirani yake ni "pretext", kisingizio, ambamo mna kufuma: kitambaa kilichofumwa ili kifunike kilicho nyuma yake.

Kwa darasani, kuna jambo moja la kushika. Maneno ya zama hizi yameundwa ndani ya Kiingereza chenyewe: ukiiondoa pre-, linabaki neno kamili lenye maana ile ile, kama "paid", "war" na "view". Kwa maneno ya zamani kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu mabaki yanafanana na neno la Kiingereza lakini silo. "Preserve", kuhifadhi, haina "serve" ya kuhudumia. Mna kitenzi kingine cha Kilatini, cha kutunza. "Prepare" nayo si "pare" ya kumenya iliyowekewa pre-, ingawa zote mbili zimetoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, cha kuandaa. Sikilizeni pia matamshi. Katika "prewar" kiambishi kinavutwa, "prii", kinasikika peke yake. Katika "prefer" kimefupika na kumezwa na neno. Na yapo ambayo hayana pre- kabisa: "pretty" ni neno la Kiingereza cha kale, na "precious" inatokana na neno la Kilatini la bei.

Kiingereza kilikuwa na kiambishi chake cha kuzaliwa nacho, fore-, nacho hakijafa. "Foretell" na "predict" zote ni kusema jambo kabla halijatokea, tabiri kwa tabiri. Moja ya nyumbani, moja ya Kirumi. Hata neno "before" lenyewe lina fore ndani yake.

Kabla sijawaachia nafasi ya maswali, tazameni "precocious", mtoto aliyepevuka kabla ya umri wake. Ndani mna kitenzi cha kupika: ni kilichoiva mapema, na Warumi walilitumia kwa matunda. Kulikuwa na tunda moja lililowahi kuiva kuliko mapichi, wakaliita kwa jina hilo la kuwahi kuiva. Wagiriki wakalichukua jina, Waarabu wakalipokea kwa Wagiriki, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya P, wakatamka B, wakatia na al- yao mbele: al-barquq. Likavuka bahari hadi Hispania na Ureno, likaja Ufaransa, na Waingereza wa karne ya 16 wakaliandika "abrecock". Leo wanaliita "apricot", P imerudi, na ile A ya mwanzo ndiyo yote iliyosalia ya al- ya Waarabu, imekaa mbele ya prae iliyochakaa kwa safari.

Haya, naona mkono kule nyuma.