Mlinzi wa Moto na Saa Ambazo Jengo Haliwezi Kujilinda

Mabibi na mabwana, wamiliki na mameneja wa biashara mlioacha shughuli zenu ili mje kunisikiliza, nawashukuru.

Nimeombwa nieleze ni wakati gani biashara huhitaji walinzi wa moto, na ningependa kuanza na meli. Tarehe 9 Februari 1942, meli kubwa ya abiria ya Kifaransa iitwayo Normandie ilikuwa imefungwa gatini mjini New York, mafundi wakiigeuza kuwa meli ya kusafirisha wanajeshi wa Marekani. Cheche za kifaa cha kukatia chuma ziliangukia rundo la jaketi za kujiokolea zilizojazwa sufi, na yeyote aliyewahi kuona sufi ikishika moto anajua kwamba haimpi mtu nafasi ya kushangaa. Meli ile ilikuwa na mfumo mzuri wa kujikinga na moto, lakini mfumo huo ulikuwa umekatwa kwa sababu ya kazi iliyokuwa ikiendelea. Maji yaliyomwagwa na wazimamoto yalikuwa mengi kiasi kwamba, kabla ya mapambazuko ya siku iliyofuata, meli ililala ubavu pale pale gatini, wala haikusafiri tena.

Ndani ya meli hiyo zilikutana hali mbili ambazo ndizo kiini cha mazungumzo yetu: mitambo ya kinga iliyozimwa, na kazi ya kuzalisha cheche. Kila moja peke yake inatosha kudai mlinzi wa moto, yaani mtu anayewekwa afanye kwa macho, pua na miguu yake kazi ambayo siku nyingine hufanywa na vitambua moshi, ving'ora na mabomba.

Tuanze na mitambo. Jengo hupoteza kinga yake kwa njia za kawaida kabisa, ambazo mara nyingi hazimshtui mtu: radi imepiga na kuunguza paneli ya king'ora, bomba la vinyunyizio vya dari, vile vinavyomwaga maji moto ukitokea, limepasuka, fundi amefunga valvu ili abadilishe kipande, au fundi wa rangi amefunika vitambua moshi kwa nailoni ili vumbi lisiviamshe ovyo. Kanuni za usalama wa maisha za NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto kilichoanzishwa mwaka 1896, zinaweka mipaka iliyo wazi. King'ora kinachotakiwa kisheria kikikosa kufanya kazi kwa zaidi ya saa 4 ndani ya saa 24, mwenye jengo aiarifu mamlaka, kisha ama awaondoe watu au aweke walinzi wa moto hadi kirudi. Kwa vinyunyizio mpaka ni zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24, na hapo mlinzi ni mojawapo ya njia zinazokubaliwa. Nchi nyingine zina kanuni zake, nanyi mtafuata za kwenu pamoja na masharti ya mkataba wenu wa bima, ambayo huenda yakawa makali zaidi.

Naomba mlitazame neno “ndani ya saa 24”. Kuna meneja atakayezima mfumo saa 3 asubuhi, auwashe adhuhuri, auzime tena alasiri, kisha aape kwamba hakuvuka saa 4 kwa mkupuo mmoja. Saa hizo hujumlishwa. Isitoshe, mimi binafsi nauona mpaka huo kuwa kiwango cha chini tu: ghala lililojaa magodoro au karatasi halingoji saa ya nne ndipo liwe na hatari, na kama kazi inajulikana tangu wiki iliyopita, hakuna sababu ya mlinzi kuanza kutafutwa mfumo ukiwa umekwisha kuzimwa.

Hali ya pili ni kazi za moto: kuchomelea, kukata chuma kwa gesi, kusaga kwa mashine inayorusha cheche, kuyeyusha lami juu ya paa. Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 11 kutoka mahali pa kazi. Kila kinachoweza kuwaka ndani ya umbali huo kiondolewe, na kisichoondoleka kifunikwe na kiwekewe mlinzi. Lakini mita hizo zisiwapumbaze mkazipima sakafuni tu, kwa maana cheche hupita kwenye tundu la waya, kwenye ufa wa ukuta, na hushuka orofa ya chini. Katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, tarehe 11 Aprili 1996, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara iliyopita juu ya jengo la abiria. Moto ukashika vitu vya kuzuia joto vilivyofichwa ndani ya dari, na watu 17 wakafa. Aliyesimama karibu na mchomeleaji hangeweza kuuona moto huo, na ndiyo maana kazi ya juu ya dari au ya kwenye ukuta hudai mlinzi wa pili upande usioonekana.

Sasa nifike kwenye saa inayonitia wasiwasi kuliko zote, nayo ni ile inayoanza fundi anapofunga vifaa vyake. Moto uliozaliwa na cheche mara nyingi ni kama moto wa pumba: huungua chini kwa chini, bila mwali, huku kila mtu akiamini kazi imekwisha salama. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka mlinzi abaki angalau dakika 30 baada ya kazi, na NFPA, katika toleo la 2019 la kanuni zake za kazi za moto, ilipandisha muda huo hadi saa 1. Ni wakati ambao bosi huona analipia mtu asimame bure. Basi na asimame bure.

Zipo nyakati nyingine ambazo sitazikalia sana: jengo linalojengwa ambalo mabomba yake bado hayajapata maji, au jengo ambalo mkaguzi wa zimamoto ameamuru liwekewe lindo hadi kasoro zirekebishwe. Amri ya mkaguzi haina mjadala.

Swali linalobaki ni nani awekwe. Wengi humgeukia askari wa getini na kumwongezea kazi, nami napinga jambo hilo, kwa sababu anayefungua geti na kuandika namba za magari hawezi wakati huo huo kuwa orofa ya tano akinusa moshi. Mlinzi wa moto asiwe na kazi nyingine. Ajue kila ngazi na kila mlango, awe na funguo, tochi na simu inayoshika mtandao hata chini ya ardhi, na ajue kutumia mtungi wa kuzimia moto, ingawa wajibu wake wa kwanza ni kuita msaada.

Tarehe 23 Februari 1991, katika jengo la One Meridian Plaza lenye orofa 38 mjini Philadelphia, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kung'arishia mbao vilijipasha joto vyenyewe na kuwaka kwenye orofa ya 22, jioni ya Jumamosi. King'ora kilipolia, mfanyakazi wa jengo alipanda lifti kwenda kuhakikisha, na mlango ukamfungukia kwenye moshi na joto, nusura afe. Simu ya kwanza kwa zimamoto ilipigwa na mpita njia aliyekuwa barabarani. Wazimamoto 3 walikufa usiku huo, na moto ulikuja kusimama orofa ya 30, palipokuwa na vinyunyizio. Kwa hiyo mwambieni mlinzi wenu apige simu kwanza, na asipande lifti. Nami ningeongeza vitambaa vya mafuta katika orodha ya mambo ya kulindwa, hata kama hakuna aliyewasha kiberiti.

Kuhusu daftari la doria, liandikwe papo hapo, kila mzunguko na saa yake. Daftari lenye mwandiko mmoja uliotulia, wino mmoja, na doria zote zikiangukia saa kamili, kwa kawaida limejazwa alfajiri na mtu aliyetoka kuamka.

Lindo lisivunjwe kwa sababu fundi amesema amemaliza. Mfumo ujaribiwe, mtu aende kwa miguu yake akaone kwamba valvu imefunguliwa na nailoni zimetolewa kwenye vitambua moshi, zimamoto na kampuni ya bima wajulishwe, kisha mlinzi atie sahihi saa aliyoondoka.